Tuweke Upatu wa Saa

Ndugu wazazi wa Hounslow, Feltham, Heston na Cranford, mzazi aliyechoka hawi mpole kwa kuambiwa awe mpole. Naomba tukubaliane juu ya hilo kwanza, kwa sababu karibu kila nasaha ya malezi tunayopewa, iwe msikitini, kanisani au shuleni, huanzia kwenye moyo wa mzazi na kuishia hapo hapo. Vuta pumzi, hesabu hadi kumi, usipaze sauti. Ni nasaha njema. Lakini anayepewa ni mama aliyekesha akisafisha ndege Heathrow, akafika nyumbani watoto ndio wanaamka, au baba anayeendesha teksi hadi alfajiri kisha anatafuta usingizi wa mchana katika chumba ambacho ndicho sebule ya wote. Mtoto akimwaga maziwa saa hiyo, kinachopasuka si tabia mbaya ya mzazi. Ni mwili uliokosa usingizi siku nyingi mfululizo.

Wala anga la mtaa wetu halitusaidii. Kanuni za Heathrow huruhusu safari 5,800 za ndege kwa mwaka katika saa za usiku, na ndege za mwanzo kutoka mbali hutua kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Mwaka 2005 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliopima zaidi ya watoto 2,800 wa miaka tisa na kumi wanaosoma karibu na viwanja vya Heathrow, Schiphol na Barajas: kadiri kelele za ndege zilivyozidi shuleni, ndivyo uelewa wa kusoma ulivyopungua na kero ya watoto ilivyoongezeka. Shule ya watoto wadogo ya Hounslow Heath, iliyo chini kabisa ya njia ya ndege, ilijengewa makuba ya udongo uwanjani ili mwalimu aweze kusikika nje. Nyumba ya kupanga haina kuba. Niseme kwa haki kwamba utafiti ule haukuona kwamba kelele peke yake huharibu afya ya akili ya mtoto. Mimi nauchukua kama ushahidi wa jambo dogo zaidi: mazingira tunamoishi hudai kitu kutoka kwetu kila siku, na anayelipa ni yule aliye na akiba ndogo ya nguvu.

Wapo watakaosema kwamba sisi tulilelewa kwa fimbo na tukawa watu. Mwaka 2021 Lancet hilo hilo lilitoa mapitio ya tafiti 69 zilizofuatilia watoto kwa muda, yaliyoongozwa na watafiti wa chuo kikuu cha University College London. Yalionyesha kwamba adhabu ya viboko haiboreshi tabia ya mtoto, na mara nyingi huizidisha ubaya. Scotland iliipiga marufuku mwaka 2020 na Wales mwaka 2022. Hapa England bado mzazi anaweza kujitetea kwamba adhabu ilikuwa ya kiasi, nafasi ambayo naona ingefaa kufungwa. Lakini hoja ya fimbo inasahau nusu ya habari. Aliyechapwa Tanga au Mombasa alikuwa na bibi wa kumkimbilia, shangazi wa kumwombea, na ua uliojaa macho ya watu wazima. Mama naye, akijifungua, alipewa siku arobaini za kuhudumiwa, kupikiwa na kubebewa mtoto. Tulipohama, fimbo ilisafiri nasi. Shangazi alibaki.

Je, mafunzo ya malezi hayatoshi? Yanafaa sana. Huko Southwark, kusini mwa jiji letu hili la London, wazazi wa kawaida walifundishwa kuongoza wazazi wenzao katika vikao vya kila wiki kwa wiki nane. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012 katika British Medical Journal: matatizo ya tabia za watoto yalipungua, malezi yakawa bora, na zaidi ya wazazi tisa katika kila kumi walihudhuria hadi mwisho. Kwa watu wanaoambiwa kila mara kwamba hawajitokezi, hilo si jambo dogo. Kimoja tu hakikubadilika zaidi ya kwa wazazi wa kundi la kulinganisha, waliokuwa bado wakingoja zamu yao ya mafunzo: msongo wa wazazi wenyewe. Naona pengo hilo ndilo linalotuhusu. Ukimpa mzazi ujuzi, ataufuata. Hutampa usingizi kwa kumpa ujuzi. Usingizi hutoka kwa mtu mwingine anayekaa na watoto wako wakati wewe umelala.

Ombi langu basi ni hili: tufanye kwa saa kile tunachojua kufanya kwa pesa. Familia nne au tano zinazojuana, watoto wao wakilingana umri, ziweke upatu wa saa. Jumamosi moja nyumba moja inapokea watoto wa wote kwa saa tatu, Jumamosi inayofuata nyumba nyingine, na mwenye zamu za usiku apangiwe kwa kufuata ratiba yake. Atakayesema sheria inakataza, ajue hivi: mwaka 2009 maofisa wawili wa polisi waliokuwa wakileleana watoto waliambiwa na Ofsted, wakaguzi wa shule na malezi ya watoto, kwamba wanahitaji usajili, malalamiko yakawa makubwa, na serikali ikaruhusu marafiki kubadilishana malezi. Kinachohitaji usajili ni kulipwa kwa kulea nyumbani kwako mtoto wa chini ya miaka minane kwa zaidi ya saa mbili kwa siku. Kwa hiyo pesa zisiingie kabisa.

Pingamizi zito zaidi ni usalama, na nisingependa mtu alipuuze kwa haya au kwa kuoneana muhali. Undugu na uswahiba si dhamana. Watoto wakae wengi pamoja, milango iwe wazi, watu wazima wawe wawili, na mtoto akikataa kwenda kwa mtu fulani asikilizwe bila kuulizwa mara mbili. Wengine huogopa kwamba wakionekana wamechoka, ustawi wa jamii watawachukulia watoto. Hofu hiyo naielewa, lakini huwafungia watu ndani hadi hali inapoharibika kweli. Sheria ya Watoto ya mwaka 1989 inazitaka halmashauri kuzisaidia familia zenye watoto wahitaji, na kuomba msaada mapema ni ushahidi wa kujali. Mwenye huzuni isiyokwisha anaweza kujipeleka mwenyewe kwenye tiba ya mazungumzo ya NHS bila kupitia kwa daktari, na kuomba mkalimani. Aliyezidiwa usiku apige simu 111 ya NHS kisha achague 2.

Upatu huu hauiondolei serikali wajibu wake, na hautapunguza ndege hata moja. Tuendelee kudai zamu zenye huruma; tangu Aprili 2024 mfanyakazi ana haki ya kuomba kubadilishiwa ratiba kuanzia siku yake ya kwanza kazini, na maombi ya watu kumi kwa pamoja husikika kuliko la mmoja. Viongozi wa misikiti, makanisa na vyama vyetu, tupeni ukumbi Jumamosi asubuhi. Wazee na vijana msio na watoto, jiandikisheni pia. Na kila kundi likikaa kupanga zamu, saa za kwanza apewe aliyechoka kuliko wote, hata kama yeye bado hana saa ya kurudisha.