Samatta hakuanzia Anfield

SHABIKI wa Mkuu, Rombo, anayelipa kiingilio kibanda umiza kila wikiendi anawajua wa Ulaya kwa majina: nani majeruhi, nani anaanzia benchi. Je, mwandishi wa Ulaya anayetumwa kuandika soka ya Afrika naye anaijua hivyo?

Mfano ni Mbwana Samatta. Anayeanza kumhesabia Novemba 2019, alipoifunga Liverpool pale Anfield akiwa na Genk, au Januari 2020 alipotua Aston Villa, atamwona kama kaibuka jana tu. Kumbe mwaka 2015 alishabeba Ligi ya Mabingwa Afrika na TP Mazembe, mabao saba mguuni, na Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara.

Hapa shida si pasipoti. Mgeni akikaa, akajifunza lugha, akaenda uwanjani, ataandika vizuri tu. Na mwenyeji naye huwa mgeni: aliyeko Dar es Salaam akaichambua Polisi Tanzania bila kukanyaga Ushirika, Moshi, hana tofauti na aliyeko London.

Anayeumia ni mchezaji. Wakala husoma kabla ya kupanda ndege. Habari ikiwa nusu, na thamani ya mchezaji inakuwa nusu. Samatta alijisemea kwa mabao. Kinda wa Rombo ambaye hata Moshi mjini hajulikani, nani atafika kumtazama ndipo aandike?