Nani alisema kupiga picha tao ni kosa?

Pita Kenyatta Avenue Jumapili alasiri utawaona. Vijana wenye kamera shingoni, wengine na simu tu na kataa kadogo ka mkononi, wanakuandama hatua tatu nne: "Madam, picha moja tu, isipokubamba hulipi." Sh50, Sh100, inategemea umevaa nini na wanakusoma vipi. Wako Kimathi Street, wako Aga Khan Walk, wako karibu na KICC wakipanga wateja waangalie juu ndio jengo lote liingie. Kazi yenyewe si mpya. Fungua albamu ya nyumbani kwenu na huenda ukampata mzazi wako Uhuru Park, amesimama wima kama mlingoti, picha imepigwa na mzee wa kamera ya filamu aliyemwambia arudi kuichukua baadaye. Siku hizi mteja anatumiwa picha kabla hajafika steji.

Ambaye hajabadilika ni yule jamaa wa "kibali kiko wapi?"

Nimekaa na hilo swali muda mrefu kwa sababu hakuna anayelijibu vizuri. Wapiga picha wenyewe wanaamini kuna kibali mahali fulani, ila wao hawana hela ya kukilipia. Kanjo anaamini kipo. Karao naye ana hakika kabisa, lakini ukimuuliza ni cha ofisi gani anaanza kukasirika. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sikuwa nasomea sheria, lakini Katiba iko mtandaoni bure na haiulizi cheti mlangoni. Basi tuangalie.

Kifungu cha 33 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na kinataja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Kifungu cha 24 kinasema haki kama hiyo haiwezi kupunguzwa ila kwa sheria, na hata hiyo sheria lazima iwe na sababu ya maana. Kwa hivyo anayekusimamisha ndiye anapaswa kukuonyesha sheria. Wewe huna kazi ya kumwonyesha ruhusa. Hii kitu tumeigeuza juu chini kiasi kwamba kijana akisimamishwa anaanza kujitetea kabla hajaambiwa amekosa nini.

Sheria zenyewe zipo, tusidanganyane. Kuna ya Siri za Serikali, Sura ya 187, inayohusu maeneo yaliyopigwa marufuku. Kuna ya Maeneo Yanayolindwa, Sura ya 204, ambayo inadhibiti nani anaingia sehemu kama hizo. Kambi ya jeshi, Ikulu, hapo usijaribu kujifanya msanii. Kisha kuna ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inayotaka leseni kwa anayetengeneza filamu ya kuonyeshwa hadharani au kuuzwa. Hiyo ya mwisho ndiyo imeleta vurugu nyingi zaidi. Ilikuwa ya watu wenye malori ya vifaa na waigizaji, lakini Mei 2018 bodi ya filamu ikatoa ilani kwamba hata video unayoitengeneza ya kuweka mitandaoni inahitaji leseni. Watu walicheka, wakakasirika, wakaendelea kurekodi. Hata hivyo ilani ile ilibaki kwenye vichwa vya maafisa wengi, na leo inatumika kumtisha kijana anayempiga mtu picha ya kusimama tu, picha isiyosonga wala kuongea.

Upande wa kaunti nao una mambo yake. Mwaka wa 2022, muda mfupi baada ya kuapishwa, Gavana Johnson Sakaja alitangaza kuwa vijana wanaotengeneza maudhui hawatatozwa ada kupiga picha na video katikati ya jiji. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini tangazo la gavana si sheria. Kanjo aliyeko River Road saa kumi jioni hatembei na hotuba ya bosi wake mfukoni, anatembea na sheria ndogo za usumbufu za mwaka wa 2007, zilizoandikwa enzi za baraza la jiji. Hizo zina upana wa ajabu. Ukisimama umezuia njia, ukiita mteja umepiga kelele, ukiweka begi chini umefanya biashara bila leseni. Kamera haihitaji hata kutajwa.

Hapo ndipo shida halisi ilipo kwa maoni yangu. Hakuna kifungu kinachosema kupiga picha barabarani Nairobi ni kosa. Hakuna kinachosema kumpiga picha polisi akiwa kazini hadharani ni kosa. Ndiyo maana ukikamatwa huandikiwi "kupiga picha". Utaandikiwa kuleta fujo, au kuzuia wapita njia, au lile pendwa la wote, kumzuia afisa kufanya kazi yake.

Tena chunguza siku. Waulize vijana wa Tao ni siku gani wanaogopa zaidi, wengi watakuambia Ijumaa jioni. Kuna hesabu ndani yake. Kifungu cha 49 kinasema ukikamatwa ufikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini zikiisha nje ya saa za korti au siku ambayo si ya korti, unangoja siku ya korti inayofuata. Ukikamatwa Ijumaa saa kumi na moja, saa zako 24 zinaisha Jumamosi jioni, kwa hivyo Jumatatu ndiyo siku yako. Sasa jiweke kwenye viatu vya kijana ambaye Jumamosi na Jumapili ndizo siku anazopata pesa ya kodi. Akiambiwa "ongea vizuri tumalizane", ile Sh1,000 inakuwa bei nafuu kuliko wikendi seli bila kazi, kamera ikiwa imelala mahali hajui. Hakuna aliyevunja Katiba hapo kwa kelele. Imetumika tu kama chambo.

Kifungu hichohicho kina kipengele ambacho wengi hawakifahamu. Kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita, halipaswi kukuweka rumande. Makosa mengi madogomadogo ya mtaani yanaangukia humo. Una haki pia ya kuambiwa mara moja, kwa lugha unayoielewa, kwa nini umekamatwa, haki ya kunyamaza, na haki ya kuwasiliana na wakili au mtu mwingine wa kukusaidia. Sisemi umkariri afisa Katiba usoni kama uko kwenye mdahalo. Ukifanya hivyo kwenye kichochoro giza likiingia utaiona rangi nyingine ya sheria. Sauti ya chini, mikono ionekane, uliza jina na kituo, halafu mpigie mtu simu. Mbogi yenye akili inakuwa na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kujua nani yuko wapi.

Rafiki yangu mmoja, jina naliweka kapuni, alikuwa anapiga picha za matatu mpya, zile zilizochorwa hadi magurudumu. Nyuma ya moja kulikuwa na gari la polisi limeegeshwa. Hakuliona hata, yeye macho yake yalikuwa kwenye rangi. Akaitwa, akaamriwa afute. Akafuta ile moja. Akaamriwa afute zote, na humo ndani kulikuwa na picha za mteja wa harusi aliyekuwa amelipa nusu. Hakukamatwa, hakuandikiwa kitu popote, na kwa sababu hiyo hana cha kulalamikia mbele ya mtu yeyote. Yule bibi harusi hadi leo hamsalimii.

Kufuta ndiko kunaniuma kuliko yote. Afisa akidhani picha yako ni ushahidi wa kosa, basi anapaswa kuihifadhi, si kuiua. Akichukua simu au kamera kama ushahidi, hicho kifaa kinafaa kuandikwa kituoni na wewe ujue kimeandikwa. Na yaliyomo ndani ya simu yako yanalindwa na Kifungu cha 31, kile cha faragha. Afisa anayesema "futa sasa hivi niende" anakuambia mwenyewe kwamba hana kesi.

Kwa nini wanaogopa picha kiasi hicho? Jibu unalijua. Juni 17, 2025, muuza barakoa alipigwa risasi kichwani na polisi katikati ya jiji mchana, kamera zikiwa zimewaka. Alifariki baadaye mwezi huohuo, na afisa akashtakiwa kwa mauaji. Ondoa zile video, ubaki na taarifa ya kituo peke yake, kisha ujiulize kesi hiyo ingefika wapi. Miezi miwili kabla ya hapo, BBC walikuwa wameonyesha filamu yao kuhusu waliouawa nje ya Bunge Juni 25, 2024. Walichambua picha na video zaidi ya 5,000. Sehemu kubwa ya kazi ya aina hiyo hutegemea watu waliokuwa hapo na simu, si mitambo mikubwa. Filamu ilipotoka, mwanzoni mwa Mei watengenezaji filamu wanne walikamatwa Nairobi, vifaa vyao vikachukuliwa, wakaachiliwa siku iliyofuata bila mashtaka. BBC wakasema hata hawakuhusika na filamu ile.

Mambo haya yana mizizi mirefu. Tom Mboya alipopigwa risasi Julai 1969, kwenye barabara ambayo leo ni Moi Avenue, Mohamed Amin alikuwa pale na kamera. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, Boniface Mwangi alizipeleka picha zake barabarani kupitia Picha Mtaani ili watu wajitazame. Nchi hii inakumbuka mambo yake mabaya kwa sababu kuna mtu alikataa kushusha lenzi. Hata mwaka wa 2014, serikali ilipopitisha sheria ya usalama iliyogusa uchapishaji wa picha za waliokufa na kujeruhiwa, Mahakama Kuu iliifuta sehemu hiyo Februari 2015.

Sasa niwageukie wenzangu wenye kamera, kwa sababu si kila lawama ni ya mwenye bunduki.

Kuna wapiga picha tao wanaokera. Dada anatoka kazini, amesema hapana mara mbili, bado unamfuata ukimrekodi, halafu usiku anajikuta TikTok akiwa na wimbo wa kumcheka. Kuna wanaopiga picha watoto wa mitaani wakinusa gundi na kuandika chini "maisha". Faragha ya Kifungu cha 31 ni yao pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaacha nafasi kwa uanahabari, fasihi na sanaa, na ni vizuri ipo, lakini nafasi hiyo si blanketi la kufunika biashara. Mwaka wa 2023 Kamishna wa Data alipiga faini ya Sh1.85 milioni kilabu kimoja cha Nairobi, Casa Vera Lounge, kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini. Shule moja ya Uthiru ikapigwa Sh4.55 milioni kwa picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Picha ya umati barabarani ni jambo moja. Uso wa mtu mmoja kwenye tangazo la duka lako la viatu ni jambo lingine kabisa, na huyo mtu akija na wakili usiseme ulikuwa unafanya sanaa.

Kila mara joto likipanda, kuna anayependekeza tupewe vitambulisho na maeneo maalum ya kusimama. Wapo vijana wanaolitaka, kwa kuwa kitambulisho kingewaondolea usumbufu wa kila siku. Mimi nasita. Anayetoa kitambulisho anaweza kukinyima, na atakapoulizwa siku ya maandamano ni nani mwenye ruhusa ya kuwa na kamera barabarani, jibu litakuwa tayari limeandikwa. Afadhali Bunge la Kaunti ligeuze lile tangazo la 2022 kuwa sheria, kwa sentensi mbili tu: kupiga picha mahali pa umma hakulipiwi, na hakuna afisa wa kaunti atakayefuta picha ya mtu. Madiwani wanaopenda kupigwa picha kwenye mazishi hawawezi kukosa muda wa hilo.

Kabla ya hapo, jambo moja la kazi. Ukinasa kitu kizito, polisi wakimpiga mtu kwa mfano, usiihariri ile faili. Usikate, usiongeze muziki. Ihifadhi ilivyo, kwenye simu ileile, na nakala itume mahali nje ya hiyo simu mara moja. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kwa ushahidi wa kielektroniki kinachoeleza kifaa gani kilitumika na vipi, na mtu mwenye uwezo wa kukitoa ni wewe uliyerekodi. Malalamiko dhidi ya polisi yanapokelewa na IPOA, huna haja ya kupitia kituo kilekile kilichokukosea. Andika saa, barabara, na namba ya gari kama uliiona, usiku huohuo kabla usingizi haujakuchanganyia.