Mkulima wa mtama, uza kimea

Katika Kisukuma neno balimi maana yake ni wakulima. Kampuni ya Bia Tanzania (TBL) ililiona neno hilo lina mvuto, ikalibandika kwenye chupa ya bia inayopendwa sana Kanda ya Ziwa. Swali la kujiuliza ni hili: balimi wenyewe wanapata nini katika biashara ya pombe? Wengi wanauza mtama kwa gunia msimu wa mavuno, bei ikiwa chini, na hapo ndipo biashara yao inapoishia. Faida ya kuigeuza punje kuwa kinywaji inakwenda kwa wengine.

Ni maoni yangu kwamba mkulima wa Kwimba, Magu na Misungwi, pamoja na mfanyabiashara mdogo wa Mirongo hapa jijini Mwanza, wanaweza kupata sehemu ya faida hiyo bila kujenga kiwanda. Waanze kuuza kimea: kilichokaushwa, kilichosagwa, kilichopimwa na kufungwa vizuri, chenye maelezo ya namna ya kukitumia.

Wazo hili si geni duniani. Uingereza iliondoa mwaka 1963 sharti la leseni kwa mtu anayetengeneza bia nyumbani kwa matumizi yake. Marekani ilifuata kwa sheria iliyosainiwa na Rais Jimmy Carter mwaka 1978. Baada ya hapo ikakua biashara nzima ya vifurushi vya kutengenezea bia. Ndani ya kifurushi mna kimea kilichokamuliwa na kuchemshwa hadi kikawa kizito kama asali, hamira, maua makavu ya hopsi na karatasi ya maelekezo. Mtu asiyejua lolote anaweza kutengeneza hata ile bia chungu na kali iitwayo IPA maradufu, ambayo kilevi chake hufikia asilimia 8 au zaidi. Anachemsha kimea kiasi cha saa moja, anatia hopsi mwanzoni ili ipatikane ladha chungu na mwishoni ili ipatikane harufu, anapoza, anatia hamira na kusubiri wiki kadhaa.

Msomaji atauliza, je, nasi tuagize hopsi? Hapana. Hopsi ni mmea wa nchi ambazo siku za kiangazi ni ndefu sana. Hapa kwetu karibu na ikweta mchana hauzidi saa 12 kwa kiasi kikubwa, na mmea huo hautoi maua ya kutosha. Isitoshe, hatuna uhaba wa maarifa ya kutia uchungu kwenye pombe. Wachaga wamekuwa wakitumia gome la msesewe katika mbege tangu zamani. Tunachopaswa kuiga ni kifurushi chenyewe, yaani kipimo, usafi na maelekezo.

Sababu ya kibiashara ni nyepesi kueleweka. Hopsi huizuia bia isiharibike haraka, ndiyo maana bia ya aina ya IPA ilisafirishwa kwa meli kutoka Uingereza hadi India miezi mingi. Pombe yetu ya mtama haina hopsi na hunywewa ikiwa bado inachemka chunguni. Baada ya siku mbili tatu imechacha. Mama anayeipika hawezi kuipeleka mbali wala kuiweka akisubiri bei. Asipouza leo, kesho anamwaga. Kimea ni tofauti. Kikikauka sawasawa na kuwekwa pasipo na unyevu, kinakaa miezi. Mwenye kimea anaweza kusubiri, anaweza kusafirisha, na anaweza kuuza kilo moja kwa mteja mdogo au kilo 50 kwa mkubwa. Na katika biashara, anayeweza kusubiri ndiye anayepanga bei.

Sababu ya pili ni usalama. Januari 2015 huko Chitima, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Uchunguzi ulionyesha kuwa pombe ile ilipikwa kwa unga wa mahindi ulioharibika, ukaota vijidudu vinavyotoa sumu kali. Mwaka uliofuata, hapa nchini, sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na mahindi yenye ukungu. Sumu za namna hii hazitoki kwa kuchemsha. Kwa hiyo usalama wa pombe unaanzia kwenye punje na kimea, kabla moto haujawashwa. Mpishi anayenunua kimea asichojua kimetoka wapi anabahatisha maisha ya wateja wake na jina lake mwenyewe.

Kutengeneza kimea kizuri si kazi ngumu, ila inataka nidhamu. Chagua mtama mpya, mzima, usiotoboka. Usitumie kamwe mbegu ya dukani iliyotiwa dawa, wala nafaka ya ghalani iliyonyunyiziwa sumu ya wadudu. Osha, kisha loweka kwa siku moja ukibadilisha maji mara kadhaa. Tumia maji ya bomba au ya kisima salama. Maji ya Mto Mirongo yasiguse kazi hii, maana mto huo unabeba uchafu wa jiji kuupeleka ziwani. Baada ya kuchuja, tandaza nafaka mahali penye kivuli na hewa, nyunyizia maji na geuza kila siku ili isishikane wala kuota ukungu. Kati ya siku ya tatu na ya tano machipukizi yatakuwa yametosha. Anika juu ya kichanja au turubai safi, si barabarani wala juu ya ardhi tupu. Ikikauka, ifikiche uondoe mizizi na machipukizi yote, kwa sababu machipukizi ya mtama yana kiasi cha sumu. Ukiona rangi ya ukungu au ukisikia harufu mbaya, tupa. Usimpe hata kuku.

Mwenye kupanga bei akumbuke kwamba uzito unapungua. Katika kilo 100 za mtama, kilo 15 hadi 25 zinaweza kupotea wakati wa kuota na kufikicha. Aongeze gharama ya maji, turubai, kusaga, mifuko na siku zake za kazi. Asiyefanya hesabu hii atauza kimea kwa bei ya mtama na kudhani amepata faida.

Kwenye mfuko yaandikwe mambo machache: tarehe, uzito, maji kiasi gani, na onyo kwamba kimea kisitiwe kwenye maji yanayotokota. Kinachogeuza wanga kuwa sukari ndani ya kimea hufa kwa moto mkali. Maji ya nyuzi 60 hadi 65 yanafaa. Wapishi wazoefu hupima kwa kidole. Kipimajoto kinafanya kazi hiyo vizuri zaidi na hakichoki.

Wapo watakaosema kwamba tunahimiza ulevi. Hoja hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa, kwani familia nyingi zimebomoka kwa pombe. Lakini tutenganishe mambo. Pombe ya mtama ni nyepesi, na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inaitambua pombe ya kienyeji na kuiwekea utaratibu wa leseni. Gongo ni jambo lingine. Kuitengeneza bila kibali kumekatazwa tangu sheria ya mwaka 1966. Serikali ilipopiga marufuku viroba mwezi Machi 2017, ilionyesha kwamba inaweza kutofautisha kinywaji na kinywaji. Tukimsumbua mama mwenye kilabu chenye leseni sawasawa na mpika gongo wa kichakani, mnywaji hataacha kunywa. Atahamia kichakani.

Wengine watasema mkulima asubiri viwanda vinunue mtama wake. Soko la viwanda ni zuri, na Mwanza tuna viwanda vya TBL na Serengeti. Nchini Uganda, bia ya Eagle iliyoanza mwaka 2002 iliwapa wakulima wa mtama soko la uhakika. Ila tujifunze pia kwa Kenya. Mwaka 2013 serikali iliiwekea bia ya Senator, inayotumia mtama, ushuru wa asilimia 50. Mauzo yakaporomoka, na wakulima waliolima kwa ajili ya mnunuzi mmoja wakabaki na mtama wao, hadi ushuru ulipopunguzwa baadaye. Mwenye mnunuzi mmoja anaishi kwa huruma ya mnunuzi huyo.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Vikundi vya wakulima vianze na magunia machache, vikipata mafunzo ya usindikaji kutoka SIDO. TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo yenye jukumu la usalama wa chakula, iweke utaratibu rahisi ambao mtengeneza kimea mdogo anaweza kuumudu. Na Halmashauri ya Jiji iwape wapishi wenye leseni elimu ya usafi kabla ya kuwapelekea mgambo.

Msimu ujao wa mavuno madalali watafika tena vijijini na magunia yao matupu. Mkulima mwenye kimea kikavu ghalani atakuwa na uwezo wa kuwaambia bei yake, na wasipoikubali, atapakia mifuko yake na kuileta Mirongo.