Saa Moja na Ndege

Bwana Yesu alipowafundisha wanafunzi wake juu ya mahangaiko, aliwaagiza wawatazame ndege wa angani (Mathayo 6). Wengi wetu tunashika sehemu ya kutohangaika, na ile ya kutazama tunairuka. Mwezi huu tukae na hiyo tuliyoiruka, hasa wewe mama unayeuguza mgonjwa nyumbani na hujatoka langoni tangu Jumapili.

Hapa Nairobi tunayo bustani ya miti, Arboretum. Ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni ambayo ingetoa kuni za treni, na ina hekta 30 hivi. Nenda kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, ndege wakiwa bado wanatafuta chakula.

Usianze na kitabu. Anza na ndege watatu unaowajua: shomoro, njiwa na kunguru. Hao ndio vipimo vyako. Ukiona mgeni, jiulize kama anampita njiwa au la. Kisha mdomo: mfupi mnene ni wa kuvunja mbegu, mwembamba uliopinda ni wa kunyonya maua, kama wa chozi. (Chozi dume hung'aa, jike ni wa kawaida tu, usiwahesabu kuwa aina mbili.) Pasa hutambaa matawini kama panya, mkia wake mrefu ukining'inia. Kwarara utamsikia kabla ya kumwona, maana ndiye anayeamsha watoto wachanga alfajiri kwa kelele zake juu ya mapaa. Watu humdharau kwa sababu ya ile rangi ya vumbi. Mngoje ageuke juani, utaona kijani na zambarau begani. Na shorobo akiruka kutoka mti hadi mti, mabawa yake hufunguka mekundu kabisa. Wekundu ule una madini ya shaba ndani yake.

Kwa picha, simu yatosha, ilimradi hutafuti picha ya kalenda. Jua liwe mgongoni mwako. Usimwendee ndege moja kwa moja. Nenda upande upande, simama, kisha songa tena. Usiivute picha karibu kwa simu, bali piga ilivyo, ukate pembeni baadaye. Ukiona kiota, kiache. Na watoto wakija, manati ibaki nyumbani.

Katika ziara zetu za kanisa namjua mama mmoja ambaye mumewe alipooza upande mmoja, na maneno yakampotea. Kwa miezi mingi mazungumzo yao yalikuwa ya uji na dawa. Alipoanza kutoka kila Alhamisi, alirudi na picha za ndege, akamshikia simu mbele ya macho. Siku moja mzee alitazama picha ya kwarara akatamka jina lake kwa Kiluhya, wazi kabisa, jina la utotoni alipokuwa akitega ndege kijijini. Si kwamba amepona. Lakini sasa yeye ndiye mwalimu, na mkewe huuliza.

Anayetaka wenzake ajue kwamba kuanzia mwaka 1971 Fleur Ng'weno aliongoza matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, yakianzia Makumbusho ya Nairobi. Wengi wamejifunza ndege kwa njia hiyo, kwa kutembea na anayewajua.

Kwa wanaouguza, shida si ndege bali ni nani atakayebaki. Hapo ndipo chama cha akina mama kinapohitajika, na si kwa mboga na sabuni tu. Pangeni zamu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili. Basi mgeuze, mkague mgongo na visigino, ndipo utoke. Na dada anayebaki aonyeshwe namna ya kumgeuza kabla hujafunga mlango, maana matatu za kurudi hazina saa.