Twangoja Feri, na Mji Ulikuwa Wetu

Saa kumi na mbili u nusu asubuhi, upande wa Likoni, twasimama bega kwa bega: mafundi, walimu, wauza samaki, vibarua wa bandarini, watoto wa shule waliopakata mikoba yao kifuani. Maji yaliyo mbele yetu hayazidi sana nusu kilomita. Kisiwa cha Mombasa twakiona, hata rangi za matatu kule ng'ambo zaonekana. Lakini meli ya makontena yaingia Kilindini, na mkubwa hupishwa.

Ndipo manung'uniko huanza.

"Mji huu ulikuwa dola, yakhe," husema mzee mmoja aliyekuwa baharia. Hutusimulia Danzig, bandari ya Wajerumani na Wapolandi iliyokuwa mji huru toka 1920 hadi 1939, na pesa zake na stempu zake. Nasi twamjibu kwamba pesa za shaba za 1888 ziliandikwa Mombasa. Ni kweli ziliandikwa, ila zilikuwa za kampuni ya Waingereza. Hapo twanyamaza kidogo.

Kabla ya Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, kuutwaa mji 1837, watawala wa ukoo wa Mazrui walikaa Ngomeni, yaani Fort Jesus, na Thenashara Taifa, yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili, mjini, Tisa na Thelatha, na mtawala asiyewasikiza Matamimu, viongozi wao, hakulala vizuri. Mwaka 1895 maili kumi za pwani zikaingia mikononi mwa Mwingereza kwa kodi. Bendera nyekundu ya Sultani ikaendelea kupepea Ngomeni, na kodi akala yeye, Unguja. Oktoba 1963 Kenyatta na Mohammed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, wakaandikiana barua za kuutia ukanda huo Kenya, tukaahidiwa makadhi wetu, na waliodai Mwambao ujitawale wakarudi barazani kunywa kahawa.

Hayo ya siasa tumeyazoea. Linalotuchoma ni la ulimi.

Sisi twasema ndia, mato, mtele, kitwa, pale wengine wasemapo njia, macho, mchele, kichwa. Barabara yetu ya Mji wa Kale ni Ndia Kuu, na kibao chake hakijasahihishwa na mtu. Lakini mtoto akiandika "mato" kwenye insha, wino mwekundu wamngoja. Nyumbani nyanyake akimwita, "Ndoo!", yeye huja, mgeni huleta ndoo ya maji. Basi twaishi na ndimi mbili: ya barazani na ya ofisini, kando ya Kiingereza ambacho fomu zote zakitaka. Na Kiunguja kilikochaguliwa kuwa Kiswahili sanifu ni wapi? Hapa hapa Mombasa, kwenye mkutano wa 1928! Waje kwetu, wale pilau yetu, kisha waamue twasema vibaya.

(Watu wa Unguja hatuwalaumu. Nao hawakuulizwa.)

Mama mmoja mwenye beseni la samaki hukatiza: ndia au njia, yeye ataka kupita. Ana haki. Daraja la kuelea la Liwatoni lilipofunguliwa 2021 tulishangilia, ila lilikuwa la miguu, na beseni kitwani si mzigo wa matembezi marefu. Barabara ya Dongo Kundu ni nzuri kwa mwenye gari. Wenye malori nao wanung'unika lao: tangu reli mpya ya 2017, makontena huondoka Kilindini bila kuwasalimu.

Twacheka, lakini kuna pahali kicheko hukoma. Feri ya Mtongwe ilipozama Aprili 1994 walikufa watu 272. Wapo kati yetu wasiokanyaga ubao wa feri bila Bismillahi ya sauti, na hakuna anayewatania.

Haya, meli imepita. Lango lafunguliwa, kipaza sauti chatuambia tusisukumane, kwa Kiswahili sanifu kabisa. Twasukumana. Mzee wa Danzig amebaki nyuma na kikombe mkononi, amlipa muuza kahawa, na feri yajaa kabla hajamaliza kuhesabu chenji.