Kubana Faili za Tovuti: Hitilafu Hutafutwa, Haibahatishwi

Si ajabu siku hizi kumwona kijana mwenye akili na bidii amekwama mbele ya tovuti aliyoiunda kwa mikono yake. Amefundishwa kwamba faili zilizo sawa kwa kila msomaji, kama vile zile za mitindo ya kurasa na za programu, zapaswa kubanwa kabla ya kusafirishwa. Ameandika amri ya kubana, lakini faili zaendelea kusafiri na uzito wake wote. Hapo huanza kunakili amri za watu wengine, moja juu ya nyingine, asijue ipi hufanya kazi gani, mpaka mambo yanyooke kwa bahati au aharibu hata kilichokuwa kizima. Desturi hiyo haina budi kupigwa vita shuleni, kwani ni kinyume kabisa cha mwenendo wa kisayansi.

Kubana kwenyewe si fumbo. Mwaka 1977 Jacob Ziv na Abraham Lempel walichapisha njia iliyojengwa juu ya wazo jepesi: palipo na marudio, usiandike upya, bali elekeza nyuma. Katika maneno "haba na haba hujaza kibaba", neno "haba" la pili laweza kuandikwa hivi: rudi nyuma nafasi 8, nakili herufi 4. Njia hiyo, ikiunganishwa na ile ya David Huffman ya mwaka 1952, ambayo huzipa alama zitumikazo mara nyingi vifupisho vifupi zaidi, ndiyo iliyomo ndani ya gzip, programu ya Jean-loup Gailly na Mark Adler iliyotoka mwaka 1992. Hesabu hizi zimepita katika mikono mingi mno. Anayedhani kwamba kosa lake limo humo, karibu kila mara anachimba pasipo na kitu.

Kosa huwa katika mapatano. Kivinjari kinapoomba faili hutaja, katika kichwa cha ombi kiitwacho "Accept-Encoding", aina za mbano kinazozielewa. Seva ikikubali hubana, kisha hutangaza katika "Content-Encoding" aina iliyoitumia. Mmoja asiposema, au asemapo lisilosikika, faili hupita kama ilivyo wala hakuna onyo litokealo popote. Ukimya huo ndio unaowasumbua wanafunzi, maana wamezoea kuamini kwamba mashine ikikosewa itapiga kelele.

Chukua mfano wa nginx, seva ya Igor Sysoev iliyotolewa hadharani mwaka 2004. Kwa mazoea yake haibani chochote mpaka iamriwe. Ikisha kuamriwa, hubana kurasa za HTML peke yake. Aina nyingine sharti zitajwe kwa majina. Basi kijana hupima ukurasa wa kwanza, akauona umebanwa, akaridhika, kumbe faili kubwa za JavaScript zapita wazi. Mwingine ametaja "text/javascript" ilhali seva yake huzitangaza faili hizo kuwa "application/javascript"; majina hayakulingana, na seva haikuona neno la kumhusu.

Lililo gumu zaidi ni lile la seva ya kati. Ombi lililopitia kwa mpokezi mwingine huweza kubeba kichwa kiitwacho "Via", na nginx ikikiona hicho haibani, isipokuwa imeelekezwa vingine. Matokeo yake ni kwamba mwenye tovuti, akipima kando ya mashine yake, huona mbano, na msomaji aliye mbali haoni. Watu hawa wawili waweza kubishana siku nzima, na wote wawili wanasema kweli! Hapo ubingwa wa kuandika amri haumsaidii mtu. Kinachomsaidia ni kuuliza mara mbili, kwanza mlangoni pa seva yenyewe, kisha nje ya seva ya kati, na kutazama jibu limebadilikia wapi.

Kupima nako kwataka uangalifu. Programu ya curl, ipendwayo na mafundi, haiombi mbano isipoagizwa; aliyeuliza bila kuomba asishangae kupewa faili nzima. Yafaa pia kukumbuka kwamba picha za JPEG zimekwisha kubanwa tangu kuundwa kwake, na kuzibana tena ni kuichosha seva bure. Na aliyetayarisha nakala zilizobanwa mapema, kisha akairekebisha faili ya asili tu, ataendelea kuwapa wasomaji ile ya zamani.

Wako walimu wasemao kwamba haya ni ya mafundi, na kwamba mtaala umejaa. Hoja hiyo haina uzito. Tuseme faili ya kilobaiti 900 yaweza kubanwa hadi 250. Darasa la wanafunzi 40 wakiifungua, kila mmoja kwa simu yake, tofauti ni kilobaiti 26,000, na palipo na vifurushi vya data, tofauti hiyo hulipwa na mzazi. Isitoshe, ni nadra kupata jaribio la kisayansi lisilohitaji maabara, kemikali wala vioo: kompyuta moja yatosha, na namba mbili, yaani ukubwa wa faili ikiwa imehifadhiwa na ukubwa wake iliposafiri.

Mtihani wa kompyuta ungefaa basi kuacha kumwuliza mwanafunzi maana ya gzip, jambo ambalo hata kasuku angelijibu. Apewe tovuti ambayo ukurasa wake wa kwanza umebanwa na faili zake za mitindo hazikubanwa. Achague kipimo kimoja tu cha kuanzia, na aeleze kila jibu liwezalo kutokea lingemwondolea shaka ipi.