TUMESIKILIZA: Vitabu vya masikio kutoka Rumonge

Safu yenu ya vitabu imerudi.

Mwezi huu hatuna kitabu cha karatasi cha kuwaeleza. Tunayo kadi ya memori, ndogo kama ukucha, na ndani yake mna vitabu vinne. Ndiyo, vitabu! Ila ni vya kusikiliza. Mtu amekaa mahali, amesoma kitabu kwa sauti, sauti ikarekodiwa. Wewe unaweka kadi kwenye simu au kwenye kiredio cha sola, unakaa, unasikia. Asiyejua kusoma anasikia. Mama anayechambua maharage anasikia na kazi inaendelea. Kwa hiyo tuliona ni jambo la kuwaletea.

Kadi hiyo tuliipata Rumonge. Tulipewa karatasi ya kutoka, siku nne, twende kumwona ndugu yetu mgonjwa. Namshukuru Mungu, tulimkuta ameshaanza kula. Rumonge wengi wenu mnaijua vizuri kuliko sisi. Ni mji wa mawese, wa mukeke na ndagala, mji ambao Kiswahili kinasikika sokoni na bandarini kama Kirundi. Na ule ufukwe wake, si wengi wetu ndipo tuliposhuka? Mwezi wa kwanza wa 2018, watu walipokimbia Fizi kwa maelfu, mitumbwi mingine ilifika Nyanza-Lac, mingine Rumonge. Safari hii tulikaa kwenye mchanga huohuo bila mzigo kichwani. Ilikuwa ajabu kidogo.

Ilikuwa siku za mwezi mpevu. Ninyi watu wa ziwa mnajua: mwanga wa mwezi ukiwa mkali, taa za wavuvi hazivuti ndagala, na wengi wanapumzika. Basi jioni wavuvi walikuwa wamekaa tu wakishona nyavu, na sisi tukawasha kile kiredio. Tuliyoyasikia, na waliyoyasema wao, ndiyo haya. Alama ni zetu wenyewe, msitugombeze.

1. Adili na Nduguze, cha Shaaban Robert

Kitabu hiki kilitoka 1952. Aliyekisoma kwenye kadi yetu ni mwalimu mmoja wa hapo mjini, amejirekodi kwa simu yake. Utajua tu, kwa sababu jogoo anawika katikati. Habari ni ya Adili, mtawala wa Janibu chini ya Mfalme Rai. Ana manyani wawili, na kila usiku analazimika kuwapiga. Mfalme anataka kujua sababu. Kumbe manyani ni nduguze, Hasidi na Mwivu, waliomwonea wivu wakamtosa baharini.

Kiswahili chake ni kizito. Kuna maneno ambayo sisi walimu wenyewe tulitazamana. Na msomaji anakwenda mbio kama anafukuzwa na mvua. Lakini aliposoma pale ndugu wanapomtosa ndugu yao majini, nyavu zote zilisimama. Kijana mmoja akasema, "Mtu akikutosa ziwani, kugeuka nyani ni adhabu ndogo sana." Wote wakacheka. Mzee mmoja hakucheka. Alisema, "Sawa, manyani wanapigwa. Na huyu anayewapiga, yeye analala saa ngapi?"

Neno hilo tumerudi nalo kambini. Tunawajua watu hapa, nasi tumo, ambao kila usiku wanaamka kumpiga mtu aliyebaki ng'ambo. Wanampiga moyoni tu, lakini usingizi unakwenda. Mwisho wa kitabu nduguze wanasamehewa na wanarudi kuwa watu. Adili naye, tunafikiri, ndiyo akaanza kulala.

Alama: 8 kwa 10. Mbili zimechukuliwa na mwendo wa msomaji. Jogoo tumemsamehe.

2. Le Petit Prince, cha Antoine de Saint-Exupéry

Hiki ni cha Kifaransa. Kilitoka 1943, na sauti tuliyonayo ni ile ya zamani ya mwaka 1954, ambayo mwigizaji Gérard Philipe ndiye rubani. Mwandishi mwenyewe alikuwa rubani kweli, akapotea na ndege yake mwaka 1944. Habari: rubani ameanguka jangwani, anakutana na mtoto aliyetoka kwenye nyota ndogo sana. Mtoto ameacha huko ua lake moja, na kila anapopita analiwaza.

Sauti ni safi, kila neno unalipata. Tulitafsiri kidogokidogo. Kusema kweli vijana walichoka, wawili wakaondoka kwenda kutafuta chai. Lakini mama mmoja muuza mawese, aliyekuwa amepita tu na kidumu chake, alikaa mpaka mwisho. Alituambia yeye ni mkimbizi wa zamani, alikulia Tanzania kambini, akarudi Rumonge mtu mzima. "Miaka yote ile," alisema, "mama yangu alikuwa anauliza habari za mwembe wake mmoja. Si nyumba, si shamba. Mwembe. Sisi watoto tulimwona kama amechanganyikiwa."

Hatukumuuliza kama mwembe aliukuta. Tuliogopa.

Alama: 7 kwa 10 kwa familia. Kwa wanafunzi wa Kifaransa wa darasa la juu, 10. Njooni muisikilize, itawasaidia matamshi kuliko kelele zetu.

3. Wimbo wa Sakima, cha Ursula Nafula

Hiki na kinachofuata vimetoka kwenye mradi wa African Storybook, ulioanzia Afrika Kusini. Vitabu vyake vinaruhusiwa kunakiliwa bure, kwa hiyo hapa hakuna aliyeibiwa. Ni vifupi, na Kiswahili chake ni chepesi.

Sakima ni mtoto kipofu anayeimba vizuri. Anakwenda kumwimbia tajiri ambaye mtoto wake amepotea, na wimbo unamtuliza. Mtoto anapatikana, na tajiri kwa shukrani anampeleka Sakima hospitali ili apate kuona. Watoto wetu waliipenda mara moja, wakaiomba tena na tena.

Lakini tuna neno. Huku kambini tuliicheza mbele ya mzee wetu mmoja asiyeona, yule anayetushonea mikeka. Alisikiliza kwa utulivu, kisha akauliza, "Mwalimu, kwa nini wimbo haukutosha?" Tulijaribu kumjibu kwamba ni zawadi. Akasema, "Zawadi ni nzuri. Lakini mtoto asiyeona akisikia hivi, atafikiri hadithi yake haijaisha mpaka macho yafunguke." Tunakubaliana naye. Mzazi, ukiicheza, zungumza na mtoto jambo hilo.

Alama: 8 kwa 10.

4. Simbegwire, cha Rukia Nantale

Hapa ndipo tunapotaka mtusikilize vizuri, kwa sababu tulikosea, na wengine mmeshasikia habari hii vibaya kwenye foleni ya maji.

Simbegwire amefiwa na mama yake. Baba analeta mke mwingine, Anita. Baba akiwa safarini kikazi, Anita anamfanyisha kazi nyingi, anamwumiza, siku moja hata blanketi la marehemu mama linachanika. Mtoto anachukua vipande vya blanketi na chakula kidogo, anakimbilia porini, anapanda mti, analala huko juu akiimba wimbo wa mama yake.

Tuliicheza hapa kambini Ijumaa jioni, watoto kama thelathini. Siku ile kulikuwa na mawingu tangu asubuhi, sola haikushika. Pale pale mtoto yuko juu ya mti, betri ikaisha. Tukasema, "Basi, tutamalizia wiki ijayo." Watoto wakapiga kelele, tukawatawanya. Tulienda kula.

Usiku ule binti mmoja wa miaka tisa hakuonekana nyumbani. Mama yake mzazi alifariki kabla hawajavuka ziwa, analelewa na mke wa pili wa baba yake. Alikuwa amechukua blanketi. Majirani walitafuta, nasi tulitafuta, miguu inatetemeka, maana sisi tulijua blanketi lile limetoka wapi. Aliyemwona ni yule mama wa kambo mwenyewe. Alizunguka na tochi ya simu, akiita jina lake kila mti, mpaka akamkuta kwenye ile mikaratusi nyuma ya matangi ya maji. Hakuwa amepanda. Alikuwa amekaa chini, anaogopa kurudi na anaogopa kubaki.

Asubuhi yule mama akaja shuleni. Tulijua tutatukanwa, na tulistahili. Hakutukana. Alisema, "Mwalimu, kila siku mama wa kambo ni mubaya tu? Mie huyu mtoto nimemubeba mgongoni kwenye boti. Sasa mwisho yake iko wapi? Nicheze nisikie."

Tulichaji simu kwa jirani, tukamchezea yote. Mwisho uko hivi: shangazi anamsikia mtoto akiimba mtini, anamchukua kwake. Baba anamkuta huko, anakuja kumwona kila siku. Baadaye anakuja na Anita, na Anita anaomba msamaha, anaomba ajaribu tena. Mtoto anamkumbatia.

Yule mama alisikiliza mara mbili. Kisha akasema, "Huyu Anita aliomba msamaha kwa sababu alikosa. Mie niombe wa nini?" Hatukuwa na jibu. Tulimwambia kwamba wa kuomba msamaha ni sisi, na tukaomba. Tunauomba tena hapa, mbele ya familia zote.

Ijumaa iliyofuata tuliirudia hadithi yote, betri imejaa. Yule mama alikuja, akakaa mbele kabisa, na binti akakaa naye. Mwisho watoto walianza kulaumu Anita, kama kawaida. Ndipo binti yule akasema, "Wangu hayuko vile." Maneno matatu tu. Mama yake alijifanya anafunga kitenge vizuri, lakini sisi tulimwona.

Ndugu wasomaji, hebu tuhesabu kidogo kwenye safu zetu za mahema na nyumba. Ni wangapi wanalea mtoto wasiyemzaa? Mtoto wa dada, wa jirani, wa mke aliyetangulia, na hata aliyeokotwa ufukweni analia. Hadithi za mama wa kambo mbaya tunazo tangu zamani, kila kabila. Hadithi za yule anayezunguka usiku na tochi, tunazo ngapi? Simbegwire ni hadithi nzuri kwa sababu inafika kwenye msamaha. Ila ukiikata katikati, ni hadithi nyingine kabisa, na mtoto ataibeba hiyohiyo uliyomwachia.

Alama: 9 kwa 10. Sisi wenyewe tulioicheza, 2 kwa 10, na hizo mbili ni za kukubali kosa.

Mambo ya kukumbuka

Kwa hiyo tumejiwekea utaratibu, na tunawaomba nanyi mlio na simu nyumbani muufuate:

Kwanza, mtu mzima asikilize hadithi peke yake mpaka mwisho kabla ya kuwachezea watoto. Kitabu cha karatasi unaweza kukifunua uone kinakoelekea. Sauti haifunuliki.

Pili, angalia betri. Kama haitoshi hadithi nzima, chagua fupi, au simulia kwa mdomo.

Tatu, hadithi ikiisha, usizime ukaondoka. Uliza watoto: mmesikia nini? Nani alikosa? Ungekuwa wewe? Sauti ya kadi haiwezi kumwona mtoto aliyenyamaza pembeni. Wewe unaweza.

Kadi iko kwetu, darasa la mwisho karibu na jiko la shule. Mwenye simu yenye nafasi aje tumnakilie vile viwili vya bure, hatutozi kitu. Ijumaa saa kumi tunasikiliza pamoja, wazazi mnakaribishwa sana, njooni na kazi zenu za mikono. Na kama kuna mzazi ana hadithi ya mama wa kambo mwema, ya kubuni au ya kweli, aje nayo. Tuna simu, tuna kinasa sauti. Tutairekodi mpaka mwisho, betri imejaa.

Mpaka mwezi ujao, tunawatakia amani nyumbani.